Mwenye barua aambiwe kuwa imefika

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie jambo ambalo wengi wanalihesabu kuwa hiari ya mtu mwenye malezi mazuri: kumwonyesha mwenzako kwamba umemwona, umemsikia, na alicholeta kimekufikia. Sisi ni watu wa masjala na mapokezi hapa Dodoma, baadhi tumestaafu na wengine bado tuko mezani. Kwetu hilo ni kazi yenye hatua zake, na hatua moja ikirukwa kuna mtu anaumia.

Tukianza na barua, maana ndiko malalamiko yanakozidi: afisa asiyemjibu mtu mara nyingi hana dharau yoyote. Hana jibu, basi. Jalada liko kwa mwenzake, mkuu yuko safarini, fungu halijatoka. Anaona akimwandikia mtu leo atakuwa amejifunga, bora angoje mambo yakamilike. Wiki zinapita. Kule Kondoa mwenye barua hajui kama ilifika, kama ilipotea njiani, au kama ilisomwa ikatupwa. Mwisho anapanda basi, kilomita kama 160 hadi mjini, analala kwa ndugu, asubuhi anatafuta daladala ya Mtumba uliko mji wa Serikali, kilomita nyingine 17, aende kuuliza swali ambalo ujumbe mmoja wa simu ungelimaliza: barua yangu ipo?

Kumwambia mtu barua yake ipo hakumfungi yeyote, wala hakumaanishi ombi limekubaliwa. Haya ni mambo mawili na kila moja lina muda wake. La kwanza lifanyike siku hiyohiyo au kesho yake. La pili lichukue muda linaoutaka. Karibu kila tutakalolisema hapa chini linatokana na kuyachanganya mambo haya mawili.

Mwananchi aje na nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine anarudi nayo. Zote zigongwe muhuri wa kupokelea, na kando ya muhuri yaandikwe kwa mkono mambo matatu: jina la aliyepokea (sahihi peke yake baada ya mwaka haina mwenyewe), idadi ya kurasa, na idadi ya viambatisho. Hilo la viambatisho ndilo linalosahaulika na ndilo linaloleta ugomvi. Barua inasema imeambatishwa na hati ya mauziano pamoja na ramani, inapokelewa bila kuhesabiwa, baada ya miezi mitatu ramani haionekani, na anayeambiwa hakuileta ni yule asiye na ushahidi. Maneno "kurasa 2, viambatisho 2" yanatosha kuzuia yote hayo. Muhuri wa tarehe nao uzungushwe asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa. Ukisahaulika, barua za Jumatatu zinapokelewa kwa tarehe ya Ijumaa, na katika shauri linalohesabiwa siku tarehe hiyo itapingwa. Nakala ya mwananchi itakuwa imeharibika bila kosa lake.

Kisha rejista. Rejista ya barua zinazoingia ina safu zake zinazojulikana: namba ya mfuatano, tarehe ya kupokea, tarehe ya barua, imetoka kwa nani, inahusu nini, imeingia jalada gani, amepewa nani. Fungua rejista iliyojazwa kwa haraka, utazame safu ya nne. Barua ya wizara imeandikwa "Katibu Mkuu" na kumbukumbu namba yake. Barua ya benki ina jina la benki. Barua ya mkulima wa Bahi imeandikwa "Mwananchi". Mstari unaofuata, "Mwananchi". Chini yake tena, "Mwananchi, malalamiko". Siku mwenyewe anapokuja kuulizia, karani anapitisha kidole ukurasa mzima na hampati, kisha anamwambia barua yake haikufika. Ilifika, iko ndani ya jengo hilohilo, ila imeandikwa bila jina. Waliohamia kwenye mifumo ya kompyuta wasidhani wamepona, kwa sababu kisanduku cha jina nacho kinakubali neno "Mwananchi" bila kulalamika. Yaandikwe majina mawili au matatu kama yalivyo kwenye barua, kijiji au mtaa, na namba ya simu.

Namba ya simu ndiyo inayowezesha hatua inayofuata, yaani ujumbe mfupi wa kumjulisha. Uwe na mambo manne: kilichopokelewa, namba yake, kilipo sasa, na lini atarajie jibu. Kwa mfano: "Barua yako ya 3/6 kuhusu mpaka wa kiwanja imefika. Kumb. 114. Ipo kwa afisa ardhi. Utajibiwa kabla ya 24/6. Ukikosa jibu piga namba hii." Hapo zimetumika herufi 136 ukihesabu na nafasi. Ujumbe mmoja wa kawaida unabeba 160, kwa hiyo zinabaki 24 za kuweka jina la mwenye barua mwanzoni, na liwekwe. Kuna mtego mdogo ambao wanaotuma ujumbe kwa kompyuta huugundua bili ikifika. Ukiweka picha ya uso unaocheka, au ukaandika ng'ombe kwa ritifaa ile iliyopinda ambayo programu nyingi za kuandikia huipinda zenyewe, ujumbe wote hubadilishwa mfumo na nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70. Ujumbe mmoja unakuwa miwili au hata mitatu na gharama inapanda. Tumieni ritifaa iliyonyooka, na picha za nyuso mziache nyumbani.

Tarehe mliyoahidi iandikwe pia kwenye jalada, ile tunayoiita B.U. (kwa Kiingereza bring up, yaani kulirudisha jalada), ili jalada lirudi mezani siku hiyo lenyewe bila kungoja mtu agonge mlango. Tarehe ikifika na jibu bado, unatumwa ujumbe wa pili wenye sababu na tarehe mpya. Ofisi nyingi zinazojitahidi huishia hapa. Zinatuma ujumbe wa kwanza mzuri sana, halafu zinanyamaza, na kimya cha namna hiyo kinauma kuliko cha mwanzo kwa kuwa sasa kuna ahadi iliyovunjwa. Usipoweza kuitunza tarehe, afadhali useme "hatujui bado, tutakuandikia kila mwisho wa mwezi" na ufanye hivyo kweli.

Najua wapo watakaosema hakuna muda. Ujumbe ule unaandikwa kwa dakika mbili. Mtu akija mwenyewe kuuliza anatumia dakika kumi za karani, dakika kumi za mapokezi, na siku nzima yake, tena anarudi wiki ijayo kwa swali lilelile.

Mapokezi nako kuna utaratibu wake. Mhudumu anaongea na simu, mtu anaingia. Kinachotakiwa ni kuinua macho, kumwitikia kwa kichwa, na ukipata pumzi kumwambia "karibu, nipe dakika mbili". Akisema mbili ziwe mbili. Zikizidi, amwambie tena. Foleni ikiwa ndefu, watu huvumilia sana wakijua wamehesabiwa: mhudumu apitishe macho, ataje mpangilio, "mzee wa kofia, kisha mama, kisha wewe kijana". Bila hivyo ndipo mtu anapojisogeza mbele kila baada ya dakika tano, mwenzake anakasirika, na lawama inamwangukia mhudumu aliyekuwa anafanya kazi yake vizuri. Na anayeondoka dirishani aseme anakokwenda na atarudi lini. Kiti kitupu nyuma ya kioo ndicho kinachowakera watu kuliko neno lolote baya.

Hapa mkoani kuna jambo moja ambalo wageni wanaohamia kikazi hawalioni mpaka waambiwe. Bibi anatoka Mvumi na mjukuu wake. Bibi ndiye mwenye shida, lakini Kiswahili chake si cha kujiamini, nyumbani anaongea Kigogo. Afisa anamgeukia mjukuu: "Huyu anataka nini?" Kuanzia hapo bibi ni mzigo uliobebwa na mtoto. Ifanyike hivi: msalimie yeye kwanza, shikamoo yake uipeleke kwake, na ukiweza "mbukwenyi" moja ya kweli inatosha, usiendelee kukiparaza Kigogo ili watu wacheke. Muulize jina lake yeye. Ongea huku unamtazama yeye, sentensi mbili, unyamaze mjukuu atafsiri, kisha sentensi mbili nyingine. Ukimwaga sentensi kumi na tano kwa pamoja, mjukuu atafupisha, na kinachofupishwa kwanza ni kile ambacho mtoto anaona aibu kumwambia bibi yake. Jibu likirudi, mwitikie bibi. Mwisho arudie mwenyewe alichoelewa, kwa lugha yake, mjukuu athibitishe.

Kwa kiziwi mwenye mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania kanuni ni hiyohiyo, pamoja na mambo ya mwanga. Mkalimani asimame au akae kando yako wewe unayeongea, ili kiziwi awaone wote wawili kwa pamoja. Uso wako uelekee dirishani, usiwe na dirisha nyuma yako. Ukitaka kumwita, punga mkono au mguse begani taratibu. Sema "umeleta kitambulisho?" na usiseme "mwambie alete kitambulisho". Kuandika kwenye karatasi kunasaidia kwa anayesoma Kiswahili, na si kila kiziwi alipata shule ya kumfundisha hivyo.

Mkoa wa Dodoma umeteswa na trakoma kwa miaka mingi, huo ugonjwa wa vikope, Kongwa na Chamwino hasa, na wazee waliopoteza uoni si wachache. Kwa asiyeona, kumtambua ni kwa sauti. Taja jina lako kila unapoanza kuongea naye, hata kama mlionana asubuhi. Taja jina lake kabla ya swali, la sivyo hajui kama unamwuliza yeye au wa nyuma yake. Usimvute mkono. Mpe kiwiko chako akishike mwenyewe, na mkifika kwenye kiti weka mkono wake kwenye mgongo wa kiti. Ukimrudishia chenji itaje noti kwa noti. Na unapoondoka sema unaondoka. Kumwacha mtu akiongea na ukuta mbele ya foleni nzima ni aibu unayompakaza wewe.

Simu sasa. Utafiti uliolinganisha lugha kumi za mabara mbalimbali, uliochapishwa 2009, ulikuta kwamba kati ya swali na jibu watu huacha kwa wastani kama sehemu moja ya tano ya sekunde tu. Kiswahili hakikuwamo katika hizo kumi, lakini sikiliza watu wawili wakisalimiana pale soko la Majengo uone kama utapata mwanya wa kupitisha neno. Ndiyo maana kimya cha sekunde mbili kwenye simu kinamfanya mtu aulize "haloo, unanisikia?" Anayesikiliza simu lazima atoe sauti: enhe, naam, sawa, nakupata. Kwa mikutano ya njia ya mtandao mambo yanageuka. Sauti inachelewa njiani, "enhe" yako inamfikia msemaji akiwa ameshaanza sentensi nyingine, anadhani unamkatiza, ananyamaza, nawe unanyamaza, kisha mnaanza wote kwa pamoja. Huko zima kipaza sauti, tikisa kichwa kamera ikuone, na mwenyekiti ataje jina la anayefuata kabla hajampa nafasi.

Anayepiga simu kwa mtu asiyemjua aseme jina, anakotoka, aliyempa namba, kisha aulize kama kuna nafasi ya dakika mbili. "Nani mwenzangu?" ni swali la anayepigiwa, si la anayepiga, ingawa siku hizi mtu anakupigia yeye halafu anakuuliza wewe. Na hodi ni tatu. Ukipiga mara tatu haikupokelewa, andika ujumbe wenye jina na shida yako, uondoke mlangoni. Kupiga mara kumi na moja ni kumwambia mwenzako kwamba hakuna kitu kingine duniani anachoweza kuwa anakifanya.

WhatsApp imewagombanisha watu kwa sababu ya alama zake kuliko kwa maneno. Alama moja ya kijivu maana yake ujumbe umeondoka kwako. Mbili za kijivu, umefika kwenye simu yake. Mbili za buluu, umefunguliwa. Umefunguliwa haina maana umeeleweka, wala haina maana mtu yuko huru kujibu, huenda yuko kwenye bodaboda au zamu ya wodini. Isitoshe mtu anaweza kuzizima hizo za buluu, kwa hiyo kukosekana kwake si ushahidi wa lolote. Kwenye makundi hazigeuki buluu mpaka kila mwanakikundi awe ameufungua ujumbe. Mmoja akiwa Manyoni na simu imezima wiki nzima, wote mtaonekana hamjasoma. Anayetaka kujua abonyeze ujumbe wake kwa muda kidogo aangalie taarifa zake. Ila dawa iko upande wa aliyepokea: aandike "nimeona, nitajibu jioni". Kidole gumba kinatosha kwa tangazo la kikao. Kwa habari ya msiba hakitoshi, hapo piga simu au andika neno la pole lenye jina la marehemu.

Tukiwa hapo kwenye makundi, tuseme habari ya michango, maana hapa ndipo watu wazima wanapoacha kusalimiana. Mweka hazina wa kamati ya harusi au msiba anapokea fedha kwa simu. Jina linalotokea kwenye muamala ni la mwenye laini, na mara nyingi huyo siye aliyetoa. Mama mmoja anatuma kupitia laini ya mumewe, kijana anatumiwa na wakala, na mwingine anampa jirani taslimu aziunganishe na zake. Orodha ikitoka, aliyetoa hayumo, aliyebeba yumo. Suluhisho ni rahisi: kila anayetuma afuatishe ujumbe wenye jina lake kamili na namba ya muamala, na mweka hazina ajibu kwa faragha ndani ya siku hiyo, "Nimepokea 50,000 kutoka kwa fulani". Asipopata ujumbe wa kufuatisha, aulize mwenye laini kabla hajaandika jina.

Kwenye kundi kubwa, sisi tunashauri yawekwe majina tu, kwa mpangilio wa kupokea, na jumla kuu chini. Tunajua kamati nyingi hupanga kwa ukubwa wa kiasi, laki mbili juu, elfu kumi chini kabisa, na wanasema inahamasisha. Inahamasisha wenye nacho. Yule wa elfu kumi, ambayo huenda ni mauzo ya debe zima la karanga, ameshukuriwa kwa namna ya kuanikwa. Hesabu kamili yenye viwango ibaki kwenye daftari la kamati, ikaguliwe na watu wawili, na aliyetaka kuona kiasi chake aonyeshwe.

Sasa mikutano. Taarifa Rasmi za Bunge letu zinamtaja kila aliyesema kwa jina, na watu wakipiga makofi imeandikwa kwenye mabano, (Makofi). Ukitoka hapo ukaenda kijijini kwenye mkutano mkuu ambao sheria inataka uitishwe angalau mara moja kila miezi mitatu, muhtasari unasomeka hivi: "Wananchi walichangia hoja mbalimbali na kushauri ipasavyo." Nani alisema pampu ya kisima imekufa? Nani alihoji fedha ya tofali? Hayumo, na kwa kuwa hayumo hakuna wa kumrudishia jibu, ndiyo maana hoja hiyohiyo inaibuka kila robo mwaka kana kwamba ni mpya. Mtendaji aandike kwa kila hoja mambo matano: jina, kitongoji, hoja kwa sentensi moja, aliyepewa kazi, na lini atatoa taarifa. Mkutano ujao, kipengele cha yatokanayo kisomwe kwa majina hayo: fulani wa kitongoji fulani aliuliza hivi, imefanyika hivi au haijafanyika kwa sababu hii. Isomwe kwa sauti, maana si wote watakaosogea ubao wa matangazo. Ukurasa mmoja unatosha.

Kwenye hadhara zetu lakini majina ya wakubwa hayapungui. Msemaji anaanza na mgeni rasmi, anakuja mkuu wa wilaya, kamati ya ulinzi na usalama, waheshimiwa madiwani, viongozi wa dini, wazee maarufu, na hata akisema "itifaki imezingatiwa" bado anakumbuka wawili aliowaruka. Hatupingi itifaki. Tunasema tu kwamba orodha hiyo ina mkia uliokatwa: waliochota maji, waliopanga viti saa kumi na moja alfajiri, fundi wa kipaza sauti, waliopika. Sentensi moja inawatosha, wakitajwa kwa kazi waliyofanya, na iwekwe kabla watu hawajaanza kutafuta magari. Taarifa za miradi na tafiti zina ugonjwa uleule. Ukurasa wa shukrani una wakurugenzi na wafadhili, na mwenyekiti wa kitongoji aliyetembea na watafiti nyumba kwa nyumba jua la Oktoba haonekani popote.

Lakini kuna wakati kumtaja mtu ni kumdhuru. Muuguzi anayeita jina la mgonjwa koridoni aite jina, aishie hapo, ugonjwa na kliniki anayokwenda visifuate. Mama aliyeripoti kipigo hana haja ya jina lake kuwa kwenye muhtasari wa kijiji. Hapo iandikwe namba, na mtendaji abaki na jina kwenye bahasha iliyofungwa. Watafiti nao wengi wana wajibu wa kuficha majina ya waliohojiwa, basi washukuru kijiji kama kijiji na warudi kusoma matokeo kwenye mkutano. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na orodha za majina na namba za simu zinazobandikwa mlangoni au kurushwa kwenye makundi zinafaa kutazamwa upya kwa jicho hilo. Kanuni tunayoitumia mezani ni kumwuliza mwenyewe: nikutaje, au nisikutaje?

Wapo wanaodhani haya yote ni hisani ya ofisa mwenye moyo mzuri. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 12(2), inasema: "Kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake." Imekaa kwenye sehemu ya haki na wajibu muhimu, karibu kabisa na mwanzo wake. Hatusemi kila salamu isiyoitikiwa ipelekwe mahakamani. Tunasema mkuu wa ofisi anayepanga kazi aihesabu hii kuwa kazi, aipe mtu, muda na vocha ya simu, kama anavyopanga usafi na ulinzi.

Kukataa nako kunatakiwa kufanywa sawasawa, na hapa wengi wanashindwa kwa sababu ya upole. Badala ya hapana mtu anaambiwa "njoo wiki ijayo", "tutakupigia", "bado inafanyiwa kazi". Kila moja ni nauli. Barua ya kukataa ianze na alichoomba, kwa maneno yake, ili aone kimesomwa. Sentensi ya pili iseme hakikukubaliwa. Ya tatu sababu yenyewe, isiwe "kwa mujibu wa taratibu" bila kutaja taratibu ipi. Ya nne, anaweza kwenda wapi au kukata rufaa kwa nani, na kabla ya tarehe gani. Sentensi nne. Mtu anaweza kuondoka na hapana ya namna hiyo akiwa na hasira, lakini ataondoka akijua la kufanya kesho.

Tumalize kwa ombi linalokuhusu wewe, Mhariri. Ukurasa wako hauwezi kuchapisha kila barua, hilo linaeleweka. Tunaomba kisanduku kidogo pembeni, mistari kumi tu kila wiki, chenye jina moja na mahali kwa kila barua iliyofika ikakosa nafasi, pamoja na mada yake kwa maneno mawili: fulani wa Kibaigwa, bei ya mahindi, fulani wa Mpwapwa, maji. Redio zilikuwa zikisoma kadi za salamu kwa mamia, na watu walikaa kando ya redio wakingoja jina lao. Asiyetaka jina lake litoke aandike hivyo kwenye bahasha. Ikikubalika, hata barua hii tuko tayari ikae kwenye kisanduku hicho.

Watu wa masjala na mapokezi,
Kikuyu, Dodoma